Mbona Nyiragongo unakuwa kichuguu kwenye picha yangu?

Swali la msomaji:

"Papa, hodi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Ndosho, hapa Goma. Asubuhi nikifungua mlango, Nyiragongo, mlima wetu wa volkeno, unanijaa macho. Nikiupiga picha kwa simu unageuka kichuguu, na nyaya za umeme ndizo zinaonekana kubwa. Nilijinyima miezi mingi nikanunua kamera ya mtumba yenye lenzi ya 18-55, na bado ni kichuguu kile kile. Kuna muuzaji ana lenzi ndefu, bei yake inafika mishahara yangu mitatu. Niinunue? Na jambo la pili, ambalo naona aibu kuliuliza: mama yangu alipoteza nyumba mwaka 2002. Kila akiona picha zangu ananiuliza kwa nini naupamba mlima uliotuchoma. Sina la kumjibu."

Jibu:

Karibu, binti yangu. Lenzi hiyo usiinunue. Mishahara mitatu ya mwalimu ni chakula cha watu, na kitu unachokitafuta tayari unacho mkononi. Nitakuonyesha.

Kesho asubuhi, mlima ukiwa wazi, simama mlangoni pako. Nyoosha mkono mbele mpaka kiwiko kikaze, kisha laza vidole vitatu vya katikati mbele ya mlima, kimoja juu ya kingine. Utaona vinakaribia kuufunika wote, kuanzia chini unakoanza kupanda hadi ukingo wa kreta. Vidole vitatu tu! Nilipofanya jaribio hili mara ya kwanza nilishtuka, maana nimeishi chini ya mlima huu maisha yangu yote nikiamini kwamba unajaza nusu ya mbingu.

Hesabu yake ni hii. Kilele cha Nyiragongo kina mita 3,470 juu ya usawa wa bahari. Wewe uko Ndosho, zaidi kidogo ya mita 1,500. Kwa hiyo kinachoinuka juu ya kichwa chako ni kama mita 1,900, na kiko mbali nawe kilomita kama 17. Hiyo inatoa digrii sita na kidogo. Simu nyingi, ukizishika kwa ulalo, zinaona karibu digrii 50 kutoka chini hadi juu ya picha. Sita ndani ya hamsini: mlima unapewa sehemu moja ya nane, na sehemu saba zinazobaki ni za anga, mabati na nyaya. Simu haikukosea. Mlima ni mdogo kweli ukiupima kwa rula, na jicho lako ndilo linaloukuza.

Jicho linafanya hivyo kwa sababu linachagua. Ukifungua mlango hutazami nyaya, ingawa zipo mbele yako. Akili inazifuta, inakwenda moja kwa moja kwenye kitu kinachogusa maisha yako, na kitu hicho kinakua. Ndivyo ilivyo hata kwa mwezi. Ukichomoza juu ya ziwa unauona kama sinia, lakini upana wake ni nusu digrii tu, na kwenye simu unakuwa punje ya mchele. Kamera haijui kwamba babu yako alikuwa akiutazama mlima huu kabla ya kupanda maharage. Haijui kwamba mji mzima hulala ukiuwazia. Inapokea mwanga wa kila kitu kwa usawa, na kazi ya kuiambia ni kipi chenye uzito inabaki kwako.

Sasa kamera yako. Kwenye lenzi kuna pete yenye namba 18, 24, 35, 55. Nina hakika unapiga ukiwa kwenye 18, maana wengi wetu tulianza hivyo: kitu ni kikubwa, basi tunataka kukusanya kila kitu. Izungushe hadi 55. Kwa kamera nyingi zinazouzwa na lenzi hiyo, pale kwenye 55 kimo cha picha kinabaki digrii 15 au 16. Mlima wako wa digrii sita sasa unachukua zaidi ya theluthi moja ya picha. Hiyo ndiyo lenzi ndefu uliyotaka kuuziwa kwa mishahara mitatu. Upana hautatosha, mbavu za mlima zitakatwa pande zote mbili, kwa kuwa Nyiragongo ni mpana kuliko ulivyo mrefu. Ukitaka kuuonyesha wote pamoja na Shaheru, ile kreta ya zamani iliyo begani upande wetu, simamisha kamera wima, piga picha nne au tano ukigeuka kidogo kidogo kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikipanda juu ya mwenzake kwa theluthi, kisha ziunganishe kwa programu. Zipo za bure zinazofanya kazi hiyo vizuri.

Lakini kukuza peke yake hakutakuridhisha. Mlima uliojaa picha bila kitu kingine unaweza kuwa mlima wowote wa dunia. Ukubwa unaonekana pale tu panapokuwa na kipimo, na kipimo kinachoeleweka na kila mtu ni mtu.

Hapa miguu yako ina kazi kuliko lenzi. Mlima uko mbali sana, kwa hiyo ukirudi nyuma hatua mia moja haubadiliki hata kidogo. Mtu aliye karibu nawe ndiye anayepungua. Mtu wa kimo cha kawaida akisimama mita 16 kutoka kwako anakuwa na kimo sawa na Nyiragongo kwenye picha. Akiwa mita nane anauzidi mara mbili. Lakini akiwa mita 50, yaani hatua zako kama sabini, anakuwa digrii mbili tu, na mlima nyuma yake unainuka mara tatu ya kimo chake. Ukimpiga kwenye 55 hapo, utaona kitu kile unachokiona mlangoni: binadamu mdogo, kazi yake mikononi, na mlima uliomfunika mgongo. Wapiga picha wengi vijana wanafanya kinyume. Wanamkaribia mtu, wanafungua lenzi mpaka 18, kisha wanashangaa mlima umekimbia.

Tafuta barabara iliyonyooka kuelekea kaskazini, yenye mteremko kidogo, usimame upande wa juu au wa chini wake ukisubiri chukudu. Nasema chukudu kwa makusudi. Kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kimebeba magunia ya makala au viazi, kikiteremka huku mwenyewe amepiga goti juu yake, hakuna mtu wa Goma asiyekijua, na watu wa mbali wakikiona wanaelewa mara moja kwamba hapa ni kwetu. Subiri afike kwenye zile hatua sabini. Huwezi kumwita wala kumpanga. Wakati mwingine utangoja saa nzima apite mmoja, na wakati huo huo wingu liwe limeshafunika kilele. Nakuambia mapema ili usikate tamaa. Katika asubuhi kumi ninazotoka, mbili au tatu ndizo zinanipa picha ninayoweza kuichapisha. Zile nyingine napata baridi na salamu za majirani, na siku hizi sizihesabu tena kuwa zimepotea, kwa sababu ndizo zilizonifundisha wingu linakotokea.

Ukimpiga mtu, mwambie. Kama umeshampiga kwa mbali, mfuate umwonyeshe. Akikataa, ifute mbele yake. Akikubali, mchapie moja umpelekee. Watu wa Goma wamepigwa picha nyingi katika shida zao na wageni ambao hawakurudi, na mtu anayerudi na karatasi mkononi wanamkumbuka. Nimefunguliwa nyua nyingi za watu kwa njia hiyo.

Tuje kwenye mwanga. Mafunzo mengi ya intaneti yameandikwa na watu wanaoishi mbali na ikweta, na yanatupotosha. Wanakuambia kuna saa nzima ya mwanga wa dhahabu, halafu saa nyingine ya mwanga wa bluu. Kwao ni kweli, jua lao linashuka kwa mshazari, linachelewa. Sisi tuko chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta. Jua letu linaanguka karibu wima, kama jiwe. Tangu linapobaki kimo cha mlima wako, zile digrii sita, mpaka linapozama ni dakika kama 25. Baada ya hapo una dakika ishirini hivi za anga ya bluu, kisha giza. Asubuhi ni vivyo hivyo kwa kinyume. Kwa hiyo anayefika saa kumi na mbili kamili kuanza kutafuta pa kusimama ameshachelewa. Mahali pachague jana yake. Asubuhi uwe umesimama tayari saa kumi na moja na nusu, betri imejaa, lenzi imesafishwa, mahali ulipopachunguza mchana.

Na asubuhi ndiyo saa ya mlima wetu, si jioni. Usiku hewa ya baridi inatulia na wingu linateremka au kutawanyika. Jua likishapasha mbavu za mlima, hewa yenye unyevu inapanda na kugeuka wingu. Siku nyingi ikifika saa tatu au saa nne kilele kimevaa kofia, na hakionekani tena mpaka jioni kama ukibahatika. Jioni ligeukie ziwa.

Majira nayo yana siri yake, ambayo ilinichukua miaka kuigundua. Watu wanasubiri kiangazi, Juni hadi Agosti, kwa kuwa hakuna mvua. Ni miezi mibaya kuliko yote kwa picha za mbali. Hewa inajaa moshi wa mashamba na mbuga zinazochomwa, vumbi halioshwi, na mlima unabaki kivuli cha kijivu siku baada ya siku. Zaidi ya hayo, Juni jua linachomoza kaskazini-mashariki, yaani karibu na upande ule ule wa mlima ukitazama kutoka Ndosho. Linakupiga machoni na kuzidisha utando. Ngoja Novemba mpaka Januari. Jua linachomoza kusini-mashariki, linaugonga mlima kwa ubavu, na kila korongo linachora kivuli chake. Mvua ya usiku imeosha hewa. Ukiamka ukakuta ardhi imelowa na nyota zinaonekana, usirudi kitandani. Asubuhi za namna hiyo nimewahi kuona Mikeno, mita 4,437, umesimama mweusi upande wa kulia kana kwamba umekatwa kwa wembe, na kulia kwake zaidi Karisimbi.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo kwa Goma ni lazima ulijue, kwa sababu mji wetu ni mweusi. Kamera inapopima mwanga inadhani kila kitu duniani kina rangi ya kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye jiwe la lava inaona giza, inajitahidi kuling'arisha, na lava yako nyeusi inatoka kama majivu yaliyofifia, huku anga ikiungua kuwa nyeupe tupu. Tafuta kitufe chenye alama ya kuongeza na kupunguza, punguza hatua moja, na jiwe likiwa limelowa punguza kidogo zaidi. Kwenye simu gusa kioo pale penye anga, kisha teremsha kile kijua kidogo kwa kidole. Ukipiga wingu jeupe au ukungu wa ziwa fanya kinyume, ongeza. Na ukiweza, weka kamera ihifadhi mafaili ghafi, yale menyu inayaandika RAW. Yanashika mengi zaidi kwenye vivuli na kwenye anga, nawe unaweza kuyatengeneza nyumbani bila kuharibu. Kwa tundu la lenzi kaa f/8, ndipo lenzi kama yako inapokuwa kali zaidi. Mengine kamera itajipangia.

Vumbi letu usilifute kwa kitenge wala shati. Ni vipande vidogo vya kioo cha volkeno, vinakwaruza. Puliza kwanza kwa pampu ya mpira, kisha ndipo upitishe kitambaa laini.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa sizungumzii picha tena. Kijana anayejifunza huambiwa apige magoti, alale chini, ili jiwe la mbele lionekane kubwa na ziwa likae nyuma. Ushauri mzuri, lakini kwetu unaweza kuua. Unayajua mazuku. Ile hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo ya lava, hasa ukanda wa ziwa kati ya Goma na Sake. Haina rangi, na pua haikuonyi. Inakuwa mbaya zaidi usiku usio na upepo na alfajiri kabla jua halijapasha ardhi, yaani saa ile ile ninayokuambia utoke. Mtu aliyesimama anaweza kuwa salama na mbuzi aliye miguuni pake akafa. Mpiga picha aliyelala kifudifudi anavuta hewa ya mbuzi. Kwa hiyo katika ukanda huo usishuke shimoni kamwe kabla jua halijapanda, usipige magoti mahali usipopajua, na ukiona wadudu, panya au ndege wamekufa mahali pamoja, ondoka uende juu, si kesho, sasa hivi. Waulize wenyeji, hasa wachunga mbuzi. Wao wana ramani kichwani.

Na kamera isiinuliwe karibu na mpaka, uwanja wa ndege, bandari, kambi, kizuizi, wala mtu mwenye silaha, wa upande wowote. Usibishane kuhusu haki zako njiani. Nimeshuhudia kijana akinyang'anywa kamera ambayo ndugu zake wote walichanga, kwa picha moja ya machweo ambayo nyuma yake kulikuwa na mnara asioujua. Nenda na mtu, ikiwezekana mwenyeji wa mtaa huo, mjulishe chef wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, na siku mji usipotulia baki nyumbani. Kutoka uani pako kuna picha nyingi kuliko unavyodhani.

Nikupe moja ya uani, kwa sababu ndiyo inayonifurahisha kuliko zote na inawezekana hapa kwetu tu na sehemu chache duniani. Kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, kitovu ambacho nyota za kaskazini zinakizunguka kiko chini kidogo ya upeo, upande wa kaskazini halisi. Ile nyota ya kaskazini ambayo mabaharia wa Ulaya waliongozwa nayo, kwetu haionekani, imejificha chini ya ardhi. Ukitazama kutoka mjini, kitovu hicho kinaangukia kushoto kidogo ya kilele. Kwako Ndosho kinakwenda kushoto zaidi. Weka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, au juu ya ukuta na gunia la mchanga, lenzi kwenye 18, kamera wima, mlima upande wa kulia. Piga picha za sekunde 30 mfululizo kwa muda wa saa mbili, ISO 800, tundu wazi kabisa, kisha ziunganishe. Nyota zitachora vipande vya duara kimoja juu ya kingine, kama upinde uliojengwa juu ya mlima. Umeme ukikatika mtaani, ambalo tunalilaani kila siku, usiku huo ni zawadi. Zamani, kabla ya mlipuko wa 22 Mei 2021 kulimaliza lile ziwa la lava, wingu juu ya kreta lilikuwa likiwaka jekundu usiku karibu kila siku, na sisi tuliokua hapa tulidhani milima yote ya dunia iko hivyo. Kila wekundu huo ukionekana tena ninatoka nje na stendi yangu, na moyo unanienda mbio kwa sababu mbili kwa pamoja.

Hizo sababu mbili ndilo swali lako la pili. Hukupaswa kuliona aibu. Ningependa wengi waliulize kabla ya kuinua kamera.

Tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa na studio ndogo katikati ya mji. Picha za pasipoti, harusi, ubatizo, watoto wa shule. Lava ilipita pale ikaelekea ziwani. Niliondoka na familia na kamera moja. Negativu za miaka kumi na miwili zilibaki kwenye masanduku ya mabati: maarusi ambao wengine hawapo tena, wazee ambao picha yao ya pekee duniani ilikuwa ile ya kitambulisho. Watu walikuja kuniuliza kama nina picha ya baba yao. Niliwajibu hapana, mmoja baada ya mwingine, kwa miezi. Baada ya hapo, kwa miaka mitatu sikuelekeza lenzi kaskazini. Nilipiga ziwa, nilipiga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nilipiga arusi. Mlima niliugeuzia mgongo, na nilikuwa na haki, kama mama yako alivyo nayo.

Kilichonirudisha ni jiwe. Siku moja nilipita juu ya ile lava nikaona imebadilika rangi. Ilikuwa imeota kitu cha kijivu-cheupe, kama povu lililokauka, kile kiumbe kidogo kinachotangulia kushika jiwe kabla ya mmea wowote. Kwenye nyufa palikuwa na kangaga changa, kijani kibichi. Na kando yake mama mmoja alikuwa akigonga lava hiyo hiyo kwa nyundo, akiipanga kuwa msingi wa nyumba. Nilipiga picha ile. Sikuwa naupamba mlima. Nilikuwa naandika kilichotokea, na kinachoendelea kutokea. Tangu hapo nimekuwa nikirudi mahali pale pale kila Januari na kupiga kutoka alama moja niliyoichora kwenye ukuta. Leo pana migomba. Ukipanda barabara ya Kibati, kuna mahali lava ya 2021 bado ni nyeusi tii, na ya 2002 jirani yake imeshakuwa ya kijivu na majani. Mvi na nywele nyeusi kwenye kichwa kimoja. Hakuna lenzi ya kununua inayoweza kukupa hiyo. Inatolewa na kurudi.

Kwa hiyo simwiti mama yako mkaidi. Anachokiona kwenye picha zako ni kilele kizuri chenye mwanga wa dhahabu, peke yake, kama kwenye kalenda. Kwa macho yake picha hiyo ina pengo, na pengo hilo ni nyumba yake. Hata mimi naona hivyo. Kwenye picha zako mbili ulizonituma, ulikata nyaya, ukakata mabati, ukakata mtaa, ili mlima ubaki msafi, na baada ya hapo ukasikitika kwamba ni mdogo. Ulitupa vipimo vyote. Acha nyaya moja au mbili. Acha ukuta wa mawe ya lava, ambao ni mlima huo huo uliolala chini na kupangwa na mikono ya watu.

Na kuna picha moja ambayo ningependa ujaribu, kama yeye atakubali, si kwa kumlazimisha. Muulize nyumba ilikuwa wapi hasa. Mwende pamoja mchana kwanza, bila kamera, akuonyeshe mlango ulikuwa wapi, jiko wapi, nani alikuwa jirani. Msikilize mpaka amalize, hata ikichukua siku nzima. Kisha mrudi asubuhi moja ya Desemba baada ya mvua. Asimame pale palipokuwa mlango, avae kitenge anachokipenda. Wewe hesabu hatua sabini kuelekea kusini, na kama nyumba za watu zimeziba, tafuta uchochoro au omba kupanda kwenye ngazi ya jirani. Pete kwenye 55, tundu f/8, punguza hatua moja. Mlima utakuwa nyuma yake, mara tatu ya kimo chake.

Usimwambie atazame wapi. Mwache achague mwenyewe, kukutazama wewe au kugeuka kuutazama mlima.